Mtawanyiko ni nini hasa? Maswali yenu na majibu

Kutawanyika na kusambaa si kitu kimoja tu?

Hapana, ingawa kwenye maongezi tunazichanganya. Kutawanyika lazima kuwe na vitu vilivyokuwa pamoja vikaachana, uzi ukikatika shanga zinatawanyika sakafuni, mkutano ukiisha watu wanatawanyika. Kusambaa hakudai kuachana, habari ikisambaa aliyekuambia anabaki nayo vilevile. Na kusambaratika ni kuachana kwa kuharibika kabisa. Kwahiyo ukikutana na neno mtawanyiko popote, hata kwenye kitabu cha fizikia, jiulize kwanza, ni nini kilikuwa pamoja na kimeachanishwa na nini?

Ule mche wa kioo (kipande cha kioo chenye umbo la pembetatu) unatoaje rangi wakati mwanga ulioingia ni mweupe?

Hautoi rangi, rangi zilishakuwemo. Hili swali nalipenda sana kwa sababu watu wengi zamani waliamini kioo ndo kinaupaka mwanga rangi, mpaka Isaac Newton alipoanza majaribio yake miaka ya 1660, akaja kuyachapisha 1672. Alichukua rangi moja tu iliyotoka kwenye mche wa kwanza akaipitisha kwenye mche wa pili, na ikatoka vilevile, nyekundu ikabaki nyekundu, sasa kama kioo kinapaka rangi mbona cha pili hakikupaka? Tena akazikusanya rangi zote na lenzi, ukarudi weupe.

Kinachozitenganisha ni mwendo. Ndani ya kioo mwanga wote unapungua kasi ila urujuani unapungua zaidi kidogo kuliko nyekundu, na anayepungua zaidi anapinda zaidi. Tofauti yenyewe ni ndogo mno, kwa kioo cha kawaida kipeo cha kupinda, yaani namba inayoonyesha mwanga umepunguzwa kasi mara ngapi, ni kama 1.51 kwa nyekundu na 1.52 kwa bluu, lakini inatosha. Upinde wa mvua ni hivyohivyo, tone la maji linashika nafasi ya kioo, nyekundu unaiona kwenye nyuzi kama 42 na urujuani kama 40 kutoka upande ulio kinyume na jua, ndo maana nyekundu inakaa juu.

Basi na anga ni bluu kwa sababu hiyohiyo?

Hapa ndo wengi wanateleza, na kosa ni la neno maana zote mbili tunaziita mtawanyiko wa mwanga. Kwenye anga mwanga haupindi ukajipanga rangi kwa rangi, unagonga molekuli za hewa ukarushwa kila upande, na bluu inarushwa kuliko nyekundu kwa sababu mawimbi yake ni mafupi. Mimi ningeomba ile ya kioo tuiite mtengano wa rangi, neno mtawanyiko tuiachie anga, wanafunzi wangepumua.

Kwenye takwimu mtawanyiko unapima nini wakati wastani upo?

Wastani unaficha mambo. Chukua alama 48, 49, 50, 51, 52, halafu chukua 10, 30, 50, 70, 90. Wastani wote 50! Lakini kundi la kwanza linafundishika kwa somo moja, la pili kuna mtu amezama na mwingine anachoka kusubiri wenzake. Mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha alama ziko mbali na wastani kiasi gani, unakuonyesha hilo, la kwanza unapata kama 1.4 na la pili kama 28.3. Mtu akikupa wastani peke yake mdai na mtawanyiko, usione aibu.

Maziwa nayo yanaitwa mtawanyiko, kweli?

Kweli. Mafuta hayajayeyuka kwenye maji, yapo kama vitone vidogo sana vilivyotawanyika humo, ukiyaacha yatulie yanapanda juu.

Nimesikia mawimbi ya bahari nayo yanatawanyika, yanaachana vipi?

Kwa kasi, kama rangi kwenye kioo. Dhoruba mbali huko baharini inazaa mawimbi ya kila aina kwa pamoja, ila kwenye kina kirefu yale marefu, yenye nafasi kubwa kati ya wimbi na wimbi, yanakimbia zaidi, wimbi linalopita kila baada ya sekunde 20 linaenda mara mbili ya lile la sekunde 10. Yakisafiri siku kadhaa yanakuwa yameachana kabisa, kwahiyo ufukweni yanatangulia yale marefu, yanapishana kwa muda mrefu, halafu siku inayofuata yanakuja ya karibukaribu, na ukipima jinsi muda kati ya wimbi na wimbi unavyopungua unaweza kukadiria dhoruba ilikuwa umbali gani hata kama hukuona wingu lake.