Rangi inayobanduka jikoni

Dada, nimekuelewa: unataka kupaka rangi jikoni kabla mama hajaja kukaa nanyi, lakini ukuta ulio karibu na jiko unabanduka kila mara. Hapo adui ni mafuta ya kupikia. Osha ukuta kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, suuza, uache ukauke kabisa, ndipo upige msasa na kupaka praima, yaani rangi ya msingi inayotangulia ili rangi ya juu ishike. Mimi niliruka kuosha, rangi ikabanduka tena, na iliniuma kwa sababu wanangu ndio walionisaidia. Wape wako brashi ndogo, watafurahi mno! Ila kama nyumba ni ya zamani, usipige msasa kabla rangi haijapimwa. Huenda ina madini ya risasi (lead), sumu hatari kwa watoto. Ukuta ukiwa na unyevu, mwite fundi kwanza.