Kura yako kaiweka nani? Maswali yenu kuhusu Steem, Hive na ugomvi wa mitandao ya blokicheni

Wiki hii mmeniulizia kitu kimoja karibu wote, kwa hiyo nimeyachukua maswali kadhaa nayajibu kwa mkupuo.

Kaka, wengine wanasema Hive ni Steem iliyohama jina, wengine wanasema Hive iliiba Steem. Nishike lipi?

Usishike lolote kwanza, sikiliza. Steem ni mtandao wa kijamii wa blokicheni, yani daftari la pamoja lililounganishwa bloku kwa bloku kama mnyororo. Ilianza 2016, kampuni yake ni Steemit, waanzilishi Ned Scott na Dan Larimer, unaandika posti watu wanaipigia kura unalipwa tokeni, yani sarafu za mtandao zinazoitwa STEEM. Sasa ugomvi ulizaliwa na mtandao wenyewe, manake kampuni ilijichimbia fungu kubwa la sarafu mwanzoni kabisa watu hawajashtuka, halafu ikasema fungu hili ni la kuendeleza mtandao, hatutalipigia kura. Ahadi ya mdomo hiyo, kwenye kodi ya programu inayoendesha mtandao haikuwemo. Februari 2020 Scott akamuuzia kampuni Justin Sun, mwanzilishi wa mtandao mwingine wa blokicheni uitwao Tron, na fungu likaenda nayo. Mashahidi, yani wale wanaochaguliwa kwa kura waendeshe seva zinazotengeneza bloku, wakaingiwa hofu wakaligandisha. Mwanzoni mwa Machi Sun akawang'oa kwa kura, na tarehe 20 Machi waliong'olewa na wenzao wakanakili mnyororo mzima, akaunti, posti, salio, kila kitu, wakauita Hive. Kama jana yake ulikuwa na STEEM 500 uliamka una HIVE 500. Isipokuwa baadhi ya waliounga mkono orodha ya Sun, hao walinyimwa, na lile fungu la kampuni, hilo kule Hive halikwenda kwa Sun, wakalitia kwenye mfuko wa jamii. Wenyewe wanaita foku. We ita talaka, ila talaka ambayo kila mmoja kaondoka na nyumba nzima.

Mbona wanatuambia ni demokrasia wakati mwenye hela ndo anaamua?

Wanaokwambia demokrasia wanakuuzia kitu. Kura inahesabiwa kwa sarafu ulizofunga, yani ulizozitia kufuli kwenye akaunti usiweze kuzitoa mara moja, kichwa chako hakihesabiwi. Lakini hilo wengi wanalijua, wasilolijua ni hili la pili, nalo ndo baya zaidi. Akaunti moja inaruhusiwa kuchagua mashahidi hadi 30, na uzito wako haugawanywi, kila unayemchagua anapata uzito wako wote.

Chukua watu mia. Tisini na tisa wana sarafu elfu moja moja, jumla 99,000, na wote wanakubaliana orodha moja. Wa mia peke yake ana 100,000. Viti vya mashahidi ni 21, ungedhani watagawana nusu kwa nusu eti. Wapi! Yeye anaweka 100,000 kwa kila mtu wake, nyie mnaweka 99,000 kwa kila mtu wenu, anachukua viti vyote 20 vya juu, nyie mnabaki na kugombania kile cha 21 ambacho mashahidi wa chini wanakipokezana. Tofauti ni elfu moja tu! Ndo maana mtandao ulibadilika mikono ghafla vile, kwenye orodha walioingia wote ni wageni, akaunti zimefunguliwa juzi.

Ila upande wa pili kuna breki. Kubadilisha sheria za mnyororo kunataka mashahidi 17 kati ya 21, kwa hiyo ukishika viti vitano tu unamzuia mwenzio. Watu wa kawaida wakakusanyana, waliolala wakaamka, wakarudisha viti kadhaa, na kwa siku kadhaa ikawa huyu hawezi kupitisha kitu na yule hawezi. Hive imetoka kwenye mkwamo huo.

Mimi sarafu zangu nimeziacha kwenye soko la kripto, kura zao hazinihusu si ndio?

Zinakuhusu kuliko mtu yeyote ndugu yangu! Sun hakushinda kwa fungu lake, lilikuwa limegandishwa. Alishinda kwa sababu Binance, Huobi na Poloniex zilichukua STEEM za wateja wao, zikazifunga, zikapiga nazo kura. Wateja hawakuulizwa. Na wakati ule ukishafunga, kufungua ilikuwa wiki 13, zinatoka kidogokidogo kila wiki. Binance na Huobi baadaye zikaondoa kura, Binance ikajitetea kwamba ilidhani ni maboresho ya kawaida. Haya. Hive wakajifunza, siku hizi ukifunga sarafu leo unasubiri siku 30 ndo zihesabiwe kwenye kura za mashahidi, na kura usiyoigusa mwaka mzima inakufa.

Hiyo ya pili inanichoma mimi binafsi. Nilishampa mtu uwakala wa kura zangu kitambo nikasahau, vurugu zinaanza nakuja kuangalia, jamaa mwenyewe kaacha mtandao zamani, kura zangu zimekaa kwa mashahidi ambao hata seva wamezima. Napiga kelele kwenye posti kumbe uzito wangu umelala.

Sasa nani alikuwa na haki?

Mnapenda kunigombanisha. Waliogandisha waligusa mali ya mtu aliyeinunua kihalali, na walipofanya hivyo wakafungua mlango. Mei 20 mwaka huohuo Steem ya upande wa Sun ikapitia mlango uleule, ikachukua zaidi ya STEEM milioni 23 kwenye akaunti 64 za wapinzani. Hapo sio kugandisha tena, ni kuchukua. Halafu kikatokea kituko, zilipotua kwenye akaunti iliyoandaliwa mtu asiyejulikana akazirusha zote soko la Bittrex na ujumbe kwamba hizi ni za wizi, warudishiwe wenyewe. Mimi niko upande wa Hive, sifichi, ila anayesema mikono yetu ilikuwa misafi kabisa simuungi mkono.

Kuna nyangumi, yani mwenye sarafu nyingi, ananishushia kura kila posti, nikamshtaki wapi?

Hakuna pa kushtaki. Kura ya kushusha ni haki yake kama ya kupandisha, na posti yenyewe haifutiki, anachokula ni malipo. Una siku saba kabla malipo hayajafungwa, tafuta wenye uzito wakuinulie. Na usimjibu kwa matusi, anazo kura nyingi kuliko ulizonazo maneno.

Kiongozi wa kundi letu anasema tuhamie mnyororo mpya kabisa, sarafu tutagawiwa bure. Twende?

Muulize mawili. Nani anabaki na fungu la mwanzo, na ahadi ya kutolipigia kura imeandikwa kwenye kodi au mdomoni. Akianza kukwambia tuaminiane, baki ulipo. Na ukienda kweli, kama mnyororo umenakiliwa badilisha funguo zako, yani nywila za akaunti, huko mapema, manake zinafanya kazi pande zote mbili, asiwe mtu anazinasa upande mmoja anakufilisi wa pili. Ile funguo ya mmiliki, yenye mamlaka yote juu ya akaunti, usiibandike kwenye tovuti yoyote ya kugawa sarafu, hata kama kiongozi ndo katuma linki.