Moyo kwenda mbio ndani ya daladala

Dada yangu, umeeleza kwamba mara tatu sasa, ukiwa ndani ya daladala iliyojaa, moyo umekwenda mbio ghafla, pumzi zikakubana, vidole vikafa ganzi na ukaamini kwamba unakufa, ilhali kipimo cha moyo hakikuonyesha kasoro yoyote.

Hali hiyo inafanana sana na shambulio la hofu. Mwili humwaga adrenalini, yaani homoni inayouandaa kukimbia au kupigana, kana kwamba kuna simba mbele yako, na kwa kuwa unapumua haraka kupita kiasi, kabonidayoksaidi hupungua katika damu, jambo ambalo huleta kizunguzungu na ganzi. Mara nyingi hofu hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka yenyewe.

Linapoanza, usipigane nalo. Vuta pumzi taratibu kwa pua ukihesabu hadi 4, kisha itoe polepole ukihesabu hadi 6. Nakusihi usishuke kabla ya kituo chako, ingawa najua miguu itakusukuma mlangoni, kwa sababu kila ukikimbia, ubongo hujifunza kwamba daladala ndiyo iliyokuwa hatari, na baadaye utaogopa hata kituo chenyewe. Kahawa nayo, ambayo sisi watu wa pwani hatuikosi jioni, ipunguze.

Mwombe daktari akupime pia tezi ya shingo na wingi wa damu, kisha akuelekeze kwa mwanasaikolojia, kwani tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na mwenendo huwasaidia wengi. Maumivu ya kifua yakikujia ukiwa katika kazi nzito, au yakidumu, nenda hospitali mara moja.