Gia tano kwenye kempavani ya gia nne

Je, giaboksi ya gia tano inaingia kwenye kempavani (gari la kulala safarini) ya gia nne? Inaingia, ila usitegemee propela ya zamani, yaani shafti ndefu inayotoka giaboksi hadi difu ya nyuma, ikae kama ilivyo. Giaboksi ya gia tano mara nyingi ni ndefu zaidi kwa nyuma, maana gia ya tano huongezwa mkiani, kwa hiyo propela hukatwa na kufanyiwa balansi upya. Usiruke hiyo balansi! Mimi niliiruka kwenye gari langu, likatetemeka hadi nikaifungua propela tena.

Kabla hujalipa giaboksi yoyote, linganisha matundu ya bolti upande wa injini na uhesabu meno ya shafti inayoingia kwenye klachi pleti. Meno yakitofautiana, tafuta pleti yenye kipenyo cha klachi yako ya zamani na meno ya giaboksi mpya. Angalia pia beringi ndogo iliyo mwishoni mwa krenki ya injini, inayoshika ncha ya shafti hiyo. Mauntini ya nyuma (kishikilio cha giaboksi) karibu kila mara huhitaji kusogezwa, na spidomita inaweza kusoma vibaya.

Faida yake ni kubwa. Kama gia ya nne ni 1:1 na ya tano ni 0.82, mizunguko 3,500 ya injini kwa dakika inashuka hadi 2,870 kwa mwendo uleule. Lakini kama injini tayari inahangaika kwenye mlima ikiwa gia ya nne, ya tano itakufaa barabara tambarare tu.

Haya ni kwa gari lenye injini mbele na difu nyuma.