Nimetubu, Mbona Shida Haziniachi?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Niliokoka baada ya miaka mingi ya ulevi na uzinzi, na nilitubu kwa machozi. Tangu hapo nimefiwa na mtoto, nimepoteza kazi, na sasa naumwa. Wapendwa wenzangu wananiambia huenda kuna dhambi sijaiungama. Je, Mungu amenisamehe kweli?

JIBU: Amina, dada yangu. Pole sana kwa kufiwa na mtoto. Msiba huo sitautafutia sababu.

Umesamehewa. Maandiko yanasema, "Sasa, basi, hakuna hukumu ya adhabu juu yao walio katika Kristo Yesu" (Warumi 8:1). Paulo alipoandika hayo alikuwa ameshapigwa mawe, ameshavunjikiwa jahazi, ameshalala njaa (2 Wakorintho 11:25-27). Hakuupima msamaha kwa hali yake ya maisha.

Mtazame yule mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu. Alikiri kwamba anastahili adhabu yake, kisha akaomba akumbukwe. Yesu akamjibu, "Amin, nakuambia, leo hivi utakuwa pamoja nami peponi" (Luka 23:43). Je, aliteremshwa msalabani? Hapana. Aliendelea kuteseka, na kabla ya Sabato kuingia askari walimvunja miguu (Yohana 19:32). Aliyepita pale chini na kumwangalia kwa macho tu angesema huyu amelaaniwa, kumbe ndiye aliyekwisha kuahidiwa pepo.

Kuhusu wapendwa wako, wanafunzi nao waliuliza hivyo hivyo walipomwona kipofu: ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake? Yesu alikataa yote mawili (Yohana 9:1-3). Inaniuma kuona mfiwa akihojiwa dhambi zake badala ya kufarijiwa.

Huenda umeshasoma habari za Daudi, jinsi alivyosamehewa na bado mtoto wake akafa (2 Samweli 12:13-14), ukajiona humo. Tafadhali usijisomee hukumu hiyo. Kwa Daudi, Mungu alimtuma nabii Nathani kutamka jambo hilo waziwazi. Kwako hakutumwa Nathani. Waliokuja ni watu wanaobahatisha. Ni kweli dhambi huacha madhara yake, na ulevi wa miaka unaweza kuuumiza mwili. Lakini madhara si ushahidi kwamba Mungu bado anakudai.

Ukombozi wa dhambi umeshaupokea. Ukombozi wa mwili bado tunaungoja, na Paulo anasema sisi tulio na Roho tunaugua, yaani tunalia kwa uchungu moyoni, tukiutazamia (Warumi 8:23). Kwa hiyo kuugua kwako si dalili kwamba umeanguka. Tumaini letu ni Kristo aliyefufuka: siku ile atakapotufufua, kifo kilichokutenga na mtoto wako kitakomeshwa.

Kwa sasa, endelea na matibabu. Ukikosa maneno ya kuomba, tumia ya Zaburi ya 13: "Ee BWANA, hata lini utanisahau, hata milele?" Mungu hachukizwi na swali hilo, liko ndani ya Neno lake. Waite pia wazee wa kanisa wakuombee na kukupaka mafuta, kama Yakobo 5:14 inavyoagiza. Wazee hao nao wakianza kukuhoji kuhusu dhambi za zamani, wasomee Warumi 8:1, kisha waombe waendelee na maombi.