Sifuri ya Fleury: je, watu wote 422 waliuawa?

SWALI: Naandika tasnifu kuhusu vijiji vya Ufaransa vilivyoangamia katika mapigano ya Verdun. Fleury-devant-Douaumont ilikuwa na wakazi 422 kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, na leo takwimu rasmi zinaonyesha 0. Je, niandike kwamba raia 422 waliuawa? Na mbona kijiji kisicho na mtu bado kina meya? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Tafadhali usiandike hivyo. Swali hili naletewa kila mara, na kila mara hesabu ni ileile: 422 toa 0, kinachobaki kinaitwa maiti.

Wanakijiji waliamriwa kuondoka tarehe 21 Februari 1916, siku mizinga ya Wajerumani ilipoanza kunguruma. Kilichobaki nyuma ni nyumba, na kati ya Juni na Agosti kijiji kilipita mikononi mwa pande zote mbili mara 16, hadi pasisalie ukuta. Ukitembea pale leo unakanyaga mashimo ya mizinga yaliyoota nyasi, na vibao vidogo vinakuambia: hapa palikuwa na shule, hapa alikuwapo mwoka mikate. Udongo ulikuwa umejaa mabomu yasiyolipuka na mifupa ya askari, haukulimika tena. Serikali ikanunua mashamba na kupanda misonobari. Watu walikuwepo, mahali pa kurudi ndipo hapakuwepo.

Kuhusu meya: Ufaransa ilikataa kuvifuta vijiji hivi kwenye orodha ya manispaa zake. Sita hadi leo havina mkazi hata mmoja: Fleury, Beaumont, Bezonvaux, Cumières, Haumont na Louvemont. Kwa kuwa hakuna wa kupiga kura, mwakilishi wa serikali mkoani huteua kamati ya watu watatu, na mwenyekiti wake ndiye meya.

Sasa nije kwenye kinachoniudhi hasa. Kuna hawa mafundi wa grafu, wanaochukua tarakimu mbili mtandaoni na kuzichorea mstari. Nimewahi kuonyeshwa mchoro wa Fleury wenye nukta ya mwaka 1916. Nikauliza nukta hiyo imetoka wapi, nikaambiwa programu imekadiria. Imekadiria nini? Ufaransa ilihesabu watu 1911, kisha 1921. Katikati hakuna sensa iliyofanyika, wanaume walikuwa kwenye mahandaki. Nukta ile ni ya kutungwa, na nina hakika kuna mtu ameshainukuu.

Na hao wanaoibebesha vita kila kitu, watazame mkoa mzima wa Meuse, ilipo Fleury. Mwaka 1851 ulikuwa na watu kama 328,000; mwaka 1911 wamebaki kama 278,000. Vita vya 1914 vilikuwa bado havijaanza. Vijana walikuwa wanahama kufuata viwanda na miji, kama wanavyohama kwingine kote. Vita viliikuta nyumba ambayo tayari ilikuwa inahamwa.

Manispaa ndogo ndizo zinazowaumbua watu wa njia za mkato. Rochefourchat, katika mkoa wa Drôme, kwa miaka mingi imeandikwa kuwa na mkazi 1. Akihama huyo, asilimia mia imeondoka, na mtu atakwambia ni janga. Vaux na Douaumont, manispaa jirani za Fleury, ziliunganishwa tarehe 1 Januari 2019, kwa hiyo mfululizo wa takwimu za kila moja unakatika ghafla bila mtu kufa wala kuhama. Isitoshe, manispaa yenye watu chini ya 10,000 huhesabiwa mara moja tu kila miaka mitano. Na ukikuta safu mbili, moja ya wakazi wa manispaa na nyingine ya jumla, usijumlishe vijiji kwa ile ya jumla: mwanafunzi anayeishi mjini kwa masomo huingia mara mbili, kule anakoishi na kwao.

Wewe anzia hifadhi ya nyaraka ya mkoa iliyoko Bar-le-Duc. Chukua orodha ya sensa ya 1911 ya Fleury, imeandikwa kwa majina, nyumba kwa nyumba. Kisha yatafute majina hayo kwenye orodha za 1921 za Verdun na vijiji vya jirani. Ukizipata hata familia kumi, una sura nzima ya tasnifu.