Afande ana kura moja: maswali yenu kuhusu mifuko ya hisani ya askari wa akiba Uingereza

Tangu niguse habari za wadhamini (trustees, yaani wanaosimamia fedha na maamuzi) wa mashirika madogo ya hisani, barua nyingi zimetoka kwa Waswahili walioko Jeshi la Akiba la Uingereza, lile lililoitwa Territorial Army hadi 2014. Wiki nzima ni madereva, wauguzi na wahasibu; jioni moja na wikiendi kadhaa wanavaa sare. Vikosi vyao vingi vina mfuko wa hisani wa kusaidia askari na familia zao, na hapo ndipo maneno huanzia. Nimefupisha barua na kufuta vyeo na miji pale palipoweza kumfichua mtu. Sheria ninazozitaja ni za England na Wales. Scotland ina msimamizi wake, OSCR, na huko kila shirika la hisani husajiliwa, liwe dogo namna gani.

Shikamoo. Mimi ni sajini na ni mdhamini wa mfuko wa kikosi chetu. Mwenyekiti ni kamanda wetu. Akisema "tumekubaliana", tunaitikia "ndiyo afande", kikao kimekwisha. Juzi zilipita hela za kukarabati ukumbi wa mazoezi na mimi sikuafiki hata kidogo. Nilikosea kunyamaza?

Marahaba. Ulikosea, ingawa nakuelewa. Kwenye gwaride yeye ni afande. Kwenye meza ya wadhamini ni mdhamini mmoja mwenye kura moja, labda na kura ya uamuzi zikilingana, kama katiba yenu imempa. Uamuzi ni wa bodi nzima na lawama ni ya bodi nzima. Fedha zikitumika nje ya lengo la mfuko, mnaweza kutakiwa kuzirudisha kutoka mifukoni mwenu, na "niliamriwa" si utetezi. Mdhamini haamriwi na mtu.

Kuhusu ukumbi, swali la kwanza lilikuwa hili: kama jengo ni la jeshi, kwa nini bajeti ya Wizara ya Ulinzi haikulipa? Huenda jibu lipo. Lakini ilipaswa liulizwe, lijibiwe na liandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Kikao kijacho omba pingamizi lako liandikwe pia. Huo si utovu wa nidhamu.

Kisha pendekeza utaratibu mmoja ambao kamanda wako hawezi kuuita wa kiraia. Katika mahakama ya kijeshi ya Uingereza, wajumbe wanapotoa maoni, wa cheo cha chini kabisa huanza na mkubwa humaliza. Jeshi lenyewe linajua kwamba mkubwa akishasema, wadogo husikia sauti yake badala ya dhamiri zao. Fanyeni hivyohivyo kwenye bodi.

Rai yangu, na wapo wasioipenda, ni kwamba kamanda awe mdhamini lakini asiwe mwenyekiti. Makamanda huhamishwa kila baada ya miaka michache, mfuko unabaki. Kiti apewe mtu asiyempigia yeyote saluti: mhasibu mstaafu, mwajiri wa askari wa akiba, mjane wa askari. Niliwahi kukaa kwenye bodi ambayo mjane mmoja alikuwa akiuliza "hizi ni za nini?" kila hundi ilipopita. Katika miezi mitatu ya kwanza alituudhi wote. Baada ya hapo tukaanza kuja na risiti.

Mfuko wetu hauna namba ya usajili. Mfadhili amekataa kutuchangia akisema sisi ni matapeli. Je, tunavunja sheria?

Pengine hapana. Kwa kawaida shirika la hisani lenye mapato ya zaidi ya pauni 5,000 kwa mwaka husajiliwa na Charity Commission, yaani Tume inayosimamia mashirika ya hisani. Ila mifuko ya hisani ya vikosi vya jeshi ina msamaha wake: haihitaji kujisajili mpaka mapato yapite pauni 100,000. Msamaha huo ni wa daftari tu. Sheria ya hisani bado inawabana, na Tume inaweza kuwachunguza kama inavyomchunguza mwingine yeyote. Mpelekeeni mfadhili katiba, hesabu za mwaka na maelezo ya msamaha huo. Akikataa tena, ana haki yake.

Kila Novemba mfuko unalipia chakula cha jioni cha maofisa. Askari wadogo wanaona mchango wao unaliwa. Mweka hazina anasema ni desturi ya miaka mingi.

Desturi haijibu swali hili. Jibu liko kwenye ibara ya malengo katika katiba yenu.

Sheria ya Mashirika ya Hisani ya 2011 inataja, miongoni mwa malengo ya hisani, kuendeleza ufanisi wa majeshi ya Mfalme. Lengo hilo lina historia ya kuchekesha kidogo. Mwaka 1905, katika shauri liitwalo Re Good, mahakama ilikubali kuwa ni hisani mtu kuliachia bwalo la maofisa (officers' mess) hela za maktaba na za vyombo vya mezani vya madini ya fedha, kwa hoja kwamba mambo hayo huinua jeshi. Basi kuna watu wameishika kesi hiyo kama hirizi. Kila chupa ya divai wanaiita ufanisi. Wangesoma na kesi ya chama cha michezo cha polisi wa Glasgow ya 1953, ambako majaji walikataa: faida ya burudani kwa wanachama ilikuwa kubwa mno kuitwa hisani.

Kwa hiyo tazama mfuko wenu uliundwa kwa lengo gani. Kama ni ufanisi wa kikosi, chakula cha kuwaunganisha askari wa vyeo vyote kinaweza kutetewa, kwa kiasi. Cha maofisa peke yao, hela zikiwa zimechangwa na wote, nisingependa kukitetea mbele ya Tume. Na kama lengo ni kuwasaidia askari na familia zilizo na shida, hakuna cha kujadili: kila mtu alipie sahani yake.

Mume wangu ni askari wa akiba. Aliitwa kazini kwa miezi kadhaa ng'ambo, akarudi si yule niliyemjua. Usiku hapati usingizi, na kodi ya nyumba imetushinda. Mfuko wa kikosi upo lakini hataki kuomba, kwa sababu fomu inapitia kwa kapteni wake. Nifanyeje?

Pole sana, dada. Kwanza la haraka: hamlazimiki kuanza na mfuko wa kikosi. Mashirika ya hisani ya wanajeshi kama SSAFA na Army Benevolent Fund (zamani ABF The Soldiers' Charity) huwahudumia askari wa akiba pia. SSAFA mnaweza kuwaendea moja kwa moja, na kapteni hana haja ya kujua. Kama alipoteza kazi kwa kuitwa, Sheria ya 1985 ya kulinda ajira za askari wa akiba inampa haki ya kuomba kurudishwa, kwa maandishi, kabla Jumatatu ya tatu baada ya utumishi kwisha haijapita. Tarehe hiyo hupita watu wengi bila wao kujua. Kuhusu usingizi, amwone daktari wake wa kawaida na amtajie waziwazi kwamba alikuwa vitani.

Sasa nawageukia wadhamini wa mifuko hii, maana barua ya huyu dada inawahusu wao kuliko yeye. Mwaka 2006 watafiti wa King's College London waliandika katika jarida la kitabibu la Lancet kwamba askari wa akiba waliopelekwa Iraq walikuwa na matatizo ya afya ya akili zaidi ya wenzao wa akiba ambao hawakwenda. Askari wa kudumu akirudi hubaki kambini na wenzake. Wa akiba hurudi mtaani ambako hakuna anayejua alikokuwa, na mkewe hana jirani wa kumuuliza "wako naye anaamka usiku?". Mfuko wa kikosi ndio pekee unaowajua kwa majina. Halafu mnauwekea mlango unaopita kwa mtu anayeandika tathmini ya kazi ya mwombaji!

Dawa yake ni ya bei nafuu. Maombi yapokewe na mtu mmoja aliye nje ya uongozi wa kikosi, ayafikishe kwenye bodi bila jina wala cheo: "mwombaji, watoto wawili, kodi ya miezi miwili." Kikosi kikiwa kidogo kiasi kwamba hata hivyo atatambulika, basi aliye juu yake kikazi atoke nje wakati ombi linajadiliwa, na muhtasari useme alitoka. Na mke aruhusiwe kuomba mwenyewe.

Mwenyekiti wetu anataka posho ya kikao. Inaruhusiwa?

Nauli na gharama halisi, ndiyo, kwa risiti. Malipo kwa kuwa mdhamini, hapana, isipokuwa katiba yenu inasema hivyo au Tume imewaruhusu.

Tuna fedha benki za kutosha miaka mitano bila kuchangisha tena. Vijana wanasema tugawe, wazee wanasema tutunze kwa siku ya vita. Sheria inasema kiasi gani?

Sheria haitaji kiasi. Inawataka muwe na sababu, muiandike, na muieleze kwenye ripoti ya mwaka. Askari wa akiba hupigiwa simu siku ikifika. Fedha za akiba nazo ziwe na siku yake, yaani mseme zinangoja nini. "Kikosi kikiitwa chote, familia kadhaa zitahitaji msaada kwa miezi sita" ni sababu, na inaweza kupigiwa hesabu. "Siku ya vita" peke yake ni woga wa kutumia. Tenganisheni pia fedha zilizotolewa kwa jambo maalumu: aliyechangia familia za majeruhi hakuchangia paa.

Mwanzilishi wetu ameongoza miaka kumi na minane. Ni mzee wetu, tunamheshimu. Nani atamwambia?

Asiambiwe na mtu, aambiwe na katiba. Mwongozo wa utawala bora wa mashirika ya hisani wa 2017 ulishauri kwamba mdhamini akipita miaka tisa, bodi itoe sababu za msingi za kumbakiza. Pitisheni ukomo wa vipindi kwa wadhamini wote kwa pamoja, uanze kuhesabiwa kuanzia leo, na yeye mwenyewe aombwe kuongoza kikao hicho. Mzee akipewa miaka miwili ya kumwandaa mrithi, mara nyingi huondoka kabla haijaisha. Ila hakikisheni kabla ya hapo kwamba nywila ya akaunti ya benki haiko kichwani mwake tu.